Sumuni Yangu Haijanona, Ni Kutu Tu

Jairus Andati,
Benchi la Kwanza Ukishuka Mtoni (hilo ambalo mmenipokonya),
Malinya, Ikolomani.
Alhamisi, kabla ya mvua.

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Kina Mama Waosha Dhahabu, Tujikaze,
Malinya.

Kupitia mkono wa mke wangu Lynette, ambaye ameambiwa asifungue.

KUH: SUMUNI YANGU KUITWA MJAMZITO MBELE YA WATU

Mheshimiwa Mwenyekiti, Senje wangu Sellah,

Natumaini barua hii imekupata ukiwa mkavu, kama ile sumuni ya kikundi chenu. Mimi huku niko na unyevu kidogo, vile mtu wa Kakamega anakuwanga, lakini nashukuru Mungu.

Naomba nikuandikie kama Mwenyekiti, sio kama dada ya baba yangu. Lakini ukifika mahali umeudhika, hapo soma kama Senje, yule alinibeba mgongoni nikiwa na upele. Ukifika mahali umefurahi, hapo soma kama Mwenyekiti na upige muhuri. Shule mimi niliachia darasa la sita, mwalimu na mimi tulikubaliana kila mtu aende njia yake. Kwa hivyo usitafute humu Kiswahili cha redio. Tafuta haki.

Kopi moja nimeandikia mkaguzi wa mizani wa kaunti. Huyo hajawahi kushuka hapa kwetu, kwa hivyo wacha nimweleze kazi yetu asipotee. Bwana mkaguzi, hapa Malinya kina mama wanaoshanga mchanga kwa karai mpaka dhahabu inabaki pale chini, kidogo tu, kama chumvi umeshika na kidole. Mimi ndiye nanunuanga. Mizani yangu ni spoki ya baiskeli, imeninginia katikati na uzi, na huku na huku nimefunga kifuniko cha soda. Kifuniko kimoja naweka sumuni ya zamani, ile senti hamsini ya chuma. Kifuniko kingine mama anamwaga dhahabu yake. Spoki ikilala sawa, hiyo tunaita sumuni moja ya dhahabu, na nalipa. Kama imepungua, tunaongeza njiti za kiberiti upande wa dhahabu, tunahesabu ni njiti ngapi zimepungua, na mimi nakata hapo. Sumuni yenyewe ukienda nayo dukani hupati hata peremende. Dunia iliisahau, sisi tukaiokota tukaipatia kazi. Ni hayo tu. Hakuna uchawi.

Sasa maneno yenyewe.

Mwezi uliopita Mildred, yule mjane wa hapo juu kwa mikaratusi, alikuja kwa benchi langu na dhahabu ya wiki sita, ameikunja kwa karatasi ya sigara. Akasema wamepima kule kwa kikundi na ni sumuni moja kamili, haina shaka. Nikaweka kwa mizani. Ikapungua njiti tatu. Nikamwambia pole mama, dhahabu hukauka njiani. Akarudi kwenu analia. Sasa wewe, badala ya kumweleza kwamba ni kweli dhahabu hukauka njiani, ulishuka mpaka kwa benchi langu na chupa mkononi, ukatoa sumuni ya kikundi, ukaiweka kwa kifuniko kimoja cha mizani yangu mwenyewe, na sumuni yangu ukaiweka kwa kile kingine. Kina mama wote wakaacha karai mtoni wakapanda kuona.

Sumuni yangu ilishuka kama mzee amepata kiti kwa matanga.

Mlicheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa sijajua ni mimi nachekwa. Halafu ukauliza kwa sauti ya kanisa, eti Jairus, hii sumuni yako iko na mimba ya miezi mingapi. Kutoka siku hiyo sijapata jina lingine. Nikipita sokoni naulizwa kama tumejifungua. Mtu wa bodaboda aliniuliza kama nitaipeleka kliniki pale hospitali ya Mukumu ama nitaita mkunga.

Hiyo ningevumilia. Mimi ni mtu wa utani, napiga na napigwa. Lakini baadaye katibu wenu Quinter aliniletea barua. Quinter amesoma mpaka akamaliza sekondari, lakini anaandikanga vile anaongea, na sisi watu wa hapa r na l zetu zinalala kitanda kimoja. Barua ilisema nimealikwa kwenu Ijumaa iliyopita, ambapo wanachama wote "watanipigia kula". Mimi nikasoma kula, nikaelewa kula. Sikunywa hata chai asubuhi. Nilivaa shati ya mikono mirefu nikabeba na sahani yangu, kwa sababu sipendi kusumbua watu. Nikafika nikakuta mikono imeinuliwa juu, mikono thelathini na moja. Nikadhani mnaombea chakula. Na mimi nikainua wangu.

Hivyo ndivyo nilivyopiga kura ya kujifukuza mwenyewe, na sahani kwapani.

Matokeo yenyewe unayajua kwa sababu ulisoma wewe: hakuna mama ataniuzia mpaka sumuni yangu ipimwe mbele ya watu, kesho Ijumaa saa nne, kwa uwanja wa kupiganisha ng'ombe. Ikilala sawa na ya kikundi, benchi narudishiwa. Ikishuka, benchi linapewa mtu mwingine na mimi niende nikatafute miwa ya kukata huko Matungu. Na sumuni iletwe kwa katibu siku moja kabla, yaani leo. Senje, mgongo wangu huu sio wa miwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Sumuni yangu haijanona. Ni yenu imekonda.

Hii mambo mlianza kuangalia kutoka upande mbaya. Watu wawili wakipimana na mmoja aonekane mnene, mnajua aje ni huyo mnene ndiye amebadilika? Sumuni yangu ilizaliwa na mifupa mikubwa. Yenu nayo mmeinyima maisha. Nimeambiwa vile Quinter anaitunza, na nimesikitika. Alitazama video kwa simu, akaja kuwaambia kwamba sumuni hizi sio shaba, ni chuma imevalishwa shaba juu, vile sisi tunavaanga suti ya kukodisha kwa harusi. Kwamba jasho ya vidole iko na chumvi na chumvi inakula chuma. Sasa mnaishika kwa ukingo, mmevaa soksi kwa mkono. Mnaipangusa na kitambaa kikavu, mnaipaka mafuta ya cherehani kidogo halafu mnayapangusa tena yote, kama watu wamejuta. Mnaikunja kwa karatasi safi, mnaiweka kwa chupa ya siagi ya njugu, mnatia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinapatikananga ndani ya maboksi ya viatu, mnafunga kifuniko mpaka kinalia. Mkimaliza kupima mnairudisha humo haraka, kabla hewa haijaiona.

Mimi nauliza kwa heshima: kitu ambacho hakijawahi kuona hewa, kitajua aje uzito wa maisha?

Hapa kwetu mvua inakujanga kila siku saa tisa, hata ukiapa kwamba leo haitakuja. Viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Misumari ya paa inalia machozi ya rangi nyekundu. Panga ukiiacha nje wiki moja inarudi ikiwa babu ya panga. Watu wote, vyuma vyote, tunashika kutu pamoja kwa umoja na undugu. Ni sumuni yenu peke yake imejitenga, imekaa kwa chupa inang'aa kama mkwe ametoka mjini. Hayo ni majivuno, Mwenyekiti, na wewe ni mtu wa kanisa.

2. Na kama imenona, huo unono ni wangu.

Nimesema haijanona. Lakini tuseme imenona, ndiyo tusikosane. Kutu ni nini? Nilimuuliza Quinter mwenyewe, akaniambia kutu ni chuma imekutana na maji na hewa, ikachukua kitu kutoka kwa hewa ikakiweka kwa mwili wake. Kwa hivyo sumuni imeongeza kitu. Imekula hewa ya Malinya na maji ya Malinya, ndani ya boma yangu, kwa kopo langu. Sasa nakuuliza sheria ya kwetu: ng'ombe wangu akizaa kwa boma yangu, ndama ni wa nani? Nyinyi ndio mlisema iko na mimba. Mimi nimekubali. Sasa mbona mnataka mtoto apimwe upande wenu?

Zaidi ya hayo, Mildred alileta dhahabu ambayo imetoka kwa udongo wa hapa, na kutu yangu imetoka kwa mvua ya hapa. Ni watoto wa mama mmoja. Kama mmoja ana bei, na huyu mwingine ana bei.

3. Mnailea hiyo sumuni kuliko watu.

Mwenyekiti, wewe unajua vile dume la kupiganisha linalelewanga. Linakaa peke yake, haliguswi na kila mtu, linapewa majani ya kuchaguliwa, linapanguswa, na Jumamosi likitoka nje watu wanashangilia mpaka wanaangukia mtaro. Sumuni yenu imefika hapo. Iko na kabati yake kwa Quinter. Kabati iko na kufuli. Kuna daftari ambalo mtu anaandika jina lake na saa aliyoiona. Mimi nina ndugu yangu hajawahi kuandikwa kwa daftari lolote, hata la kuzaliwa.

Na siku ile nilipopanda kumuona Mildred, nimwambie asibebe kinyongo, nilikuta ameweka sufuria tatu ndani ya nyumba, moja kwa kitanda, zinakinga maji ya paa. Sufuria zinaimba kila moja na sauti yake. Nikajiambia, haya basi, huyu ni mwanachama. Sumuni ya kikundi inalala pakavu na vifuko vya viatu, na mwanachama mwenyewe analala na sufuria. Hamuoni aibu?

Alinijibu kwamba kama angelipwa njiti zake zote kutoka mwaka juzi angekuwa na mabati manne mapya. Sikutaka kubishana na mjane. Nilimwambia tu kwamba mabati pia yangeshika kutu.

4. Mnafundisha watu mambo ya hatari.

Hivi vifuko vya viatu vimeingia kila nyumba sasa. Lynette alileta vitatu kutoka kwa kikundi, eti avikaushe juu ya jiko ndiyo virudi kazini, kwa sababu vikishajaa unyevu vinachoka kama watu. Akaviweka kwa sahani. Mimi nilikuwa napika ingokho, kuku wetu wa kienyeji, mke wangu akiwa kwa mkutano wenu wa kunisema. Nikaona kifuko kidogo kizuri, kimeandikwa Kizungu. Kizungu mimi na yeye tuliachana darasa la nne. Nikajua ni kile kiungo cha mchuzi. Nikapasua nikamwaga, shanga shanga zikashuka, nikakoroga.

Ingokho ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Lakini kwa siku mbili mdomo wangu ulikauka kama obusuma, ugali wetu, ya jana. Sikuweza kubembeleza bei. Mama mmoja ambaye hakuwa wa kikundi aliniuliza nanunua aje, na mimi nilitoa tu sauti kama mlango. Akaenda. Nani atanilipa hiyo siku? Nimeacha hapa nafasi uandike jibu: ......................

5. Kung'aa sio ukweli.

Hapa Senje naomba usicheke, kwa sababu hapa sitanii.

Wewe unadhani dhahabu ikitoka kwa benchi langu inaenda wapi? Inaenda mjini kwa mnunuzi mkubwa, huyo ambaye jina lake sitaandika kwa sababu bado namhitaji. Yeye hana spoki. Yeye ana mizani ya betri imekaa ndani ya nyumba ya kioo. Anafunga dirisha eti upepo usidanganye. Anavaa glavu nyeupe. Ana kibati kidogo cha kupimia, kinang'aa mpaka unaona meno yako, na anakishika na koleo ndogo ya kupunguzia nyusi. Hakuna doa la kutu pale, hata la dawa. Na kila wiki, kila wiki Mwenyekiti, ile sumuni yangu moja ya dhahabu ikifika pale inapungua njiti mbili. Namuuliza, ananiambia pole Andati, dhahabu hukauka njiani.

Nilijifunza wapi hayo maneno? Sasa umejua.

Mbona huyo hamumuiti kwa uwanja wa ng'ombe? Mbona hamumpigii kula, ama kura, ama chochote? Kwa sababu yake imepigwa stika na inawaka taa ya kijani. Mtu akikuibia na kitu kichafu mnamuita mwizi. Akikuibia na kitu kimeoshwa mnamuita bosi, na mnatoa kofia. Mimi nasema kutu yangu angalau inaonekana. Mama anakuja anaona sumuni iko nyekundu, iko na magamba, anajua huyu Jairus sio malaika, anajipanga. Huo ni uwazi. Kule mjini uwazi ni wa kioo tu.

6. Mmeniharibia nyumba.

Ile siku ya mikono, mkono wa Lynette ulikuwa juu. Sio mmoja. Aliinua yote miwili, na ule wa kushoto ulikuwa na soksi. Nilipomuuliza nyumbani akasema kura moja ilikuwa ya mwanachama na moja ilikuwa ya mke.

Tangu hapo nyumba imekuwa kama chupa yenu. Sufuria zinapanguswa mara mbili. Jembe limepakwa mafuta, kila nikilishika linanitoka mkononi. Mlango ukipiga kelele unapakwa. Kwa kabati ameweka kufuli ndogo, na ndani ya kufuli ameweka chumvi. Eti chumvi ya nyumba hii sasa inatoka kwa ruhusa. Mtu mzima, mwenye mizani yake, naomba chumvi ya yai. Kwa nini chumvi hasa, sijui, na sitaki kujua. Nimeandika tu ili Mwenyekiti aone vile ndoa zinabomoka kwa sababu ya senti hamsini.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na ukikataa la kwanza nenda la pili, usisimame.

La kwanza, sumuni yangu isipimwe kesho. Isemewe tu maneno mazuri, watu waimbe, ngoma ya isukuti ipigwe, turudi kazini.

La pili, kama lazima ipimwe, basi ya kwenu itolewe kwanza kwa chupa, iwekwe nje inyeshewe miaka minne kama yangu, ndiyo zipigane zikiwa rika moja. Hata madume hatupiganishi mmoja amekula na mwingine amefungwa. Mimi nitangoja. Hiyo miaka minne benchi nibaki nalo, kwa sababu mtu hahukumiwi kabla.

La tatu, Quinter asije akaikwangua sumuni yangu na jivu ama na ndimu ndiyo aone iko na nini chini. Yeye mwenyewe aliwaambia kusugua ni vibaya, kwamba ukisugua unaondoa nguo ya shaba na chuma inabaki uchi. Basi asivue sumuni ya mtu mwingine nguo mbele ya watu. Hiyo ni kesi.

La nne, na hili nimelifikiria sana nikiwa sina kazi, kila mama wa Malinya atoe sumuni yake nje kwa mvua kuanzia wiki hii. Zikishika kutu zote, zitanona zote. Zikinona zote, hakuna iliyonona. Dhahabu ya Mildred haitakuwa imepungua hata njiti moja, itakuwa tu imepungua kila mahali, na kitu kikipungua kila mahali hicho sio wizi, hicho ni hali ya uchumi. Bwana mkaguzi wa kaunti, hapo nakuomba na wewe utoe yako nje. Tukikubaliana hivyo, Kakamega itakuwa kaunti ya kwanza ambayo mvua yake imeingia kwa vipimo, na watakuja watu kutoka mbali kujifunza.

Nimefika mwisho, mkono unauma. Senje, mimi sina ubaya na mtu. Hilo benchi nilichonga mwenyewe na mti ambao mume wako, Mungu amlaze, alinipa bure akaniambia nikae hapo nisihangaike. Nimekaa. Sitaki kuhangaika. Kesho saa nne nitakuwa kwa uwanja, nimevaa ile shati, na safari hii sitabeba sahani.

Wasalimie kina mama wote wa karai, mmoja mmoja, hata wale waliocheka mpaka wakakaa chini. Msalimie Quinter na soksi yake. Msalimie Mildred, mwambie asogeze kitanda upande wa jikoni, hapo paa ni zima. Wasalimie na wale mbuzi wako wawili. Mulembe kwa nyumba nzima.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, mnunuzi aliyesimamishwa, mnyonge kwa mizani na sio kwa roho,

Jairus Andati
(Sahihi ni hii alama ya kidole. Sio damu, ni kutu.)

Nimesahau: Sumuni yenyewe nimempa Lynette ailete pamoja na barua, iko ndani ya soksi, ili msiseme nimekataa amri ya kikundi. Lakini kwa vile italala kwa Quinter mpaka kesho, tafadhali mwambie asiiweke kwa ile chupa kavu. Haijazoea. Ikikauka inabanduka magamba na inakonda haraka sana, na mimi nataka nirudishiwe vile niliitoa. Imezoea kuoga jioni: maji ya vuguvugu nusu kikombe, chumvi vijiko viwili, ikae humo mpaka ugali uive, halafu itolewe ilazwe kwa jivu lenye maji maji ili jivu lishikane na kutu. Isipanguswe. Alhamisi ndiyo siku yake kubwa, Alhamisi ni vijiko vitatu. Nimeilea hivyo miaka minne bila kukosa siku, na sio kazi rahisi, kwa sababu unakumbuka ile siku ya kugawana kopo la sumuni la Nyanya, mama yako, wewe ukachukua yenu na mimi nikachukua hii, tuliziweka kwa spoki kwa mchezo na zikalala sawa kabisa.

Chumvi mtumie ya kwenu. Ya kwangu imefungiwa.